Maji ya Mchele

19 Januari 1987

Kitinda wangu,

Nakusalimu mimi dada yako, Kinara anakusalimu, na Bonge anakusalimu mdomo ukiwa umejaa mkate. Huku tu wazima wote. Mgongo tu ndio unanisumbua, maana shule zimefunguliwa na kila mama wa mtaa huu amekumbuka ghafla kwamba mwanawe amerefuka. Cherehani haipoi. Wanakuja asubuhi wakisema, "Mama Kinara, hata kesho kutwa si mbaya," na jioni hiyohiyo wamesimama mlangoni wakinitazama mikono kama watu wanaongoja chungu kiive.

Kinara amekuwa wa kwanza tena darasani. Sisemi ili kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Mwalimu wake mwenyewe alikuja kupimwa suruali akaniuliza, "Mama, huyu mtoto unampa nini?" Nikamwambia, namlisha, mwalimu. Wengine wanazaa tu, mimi nazaa na kulisha. Bonge naye sare yake nimeifumua na kuipanua hadi kitambaa kimeisha, mtoto bado anaendelea.

Sasa hili la Kidoti. Barua yako niliisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Unasema tumbo linamwendesha tangu mwaka mpya, linaacha kidogo kisha linarudi. Mama yake yuko huku kwa baba yake aliyepooza, na wewe umebaki peke yako na mtoto wa miaka mitatu, hujui umlishe nini. Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Wanangu wote hawajawahi kulala hospitali hata siku moja, na watu wanajua. Mtaa mzima mtoto akiumwa tumbo wanaanza kwangu.

Mpe maji ya mchele. Ndiyo dawa, hakuna nyingine. Tia chumvi kidogo, ile ya kushika kwa ncha za vidole, koroga, mpe kwa kikombe polepole kutwa nzima. Yakiisha tengeneza mengine. Maziwa acha. Mayai acha. Maharage usiyasogeze hata mezani. Vyakula vyote vyenye uzito viache kwanza. Tumbo la mtoto mgonjwa ni kama kitambaa kilicholowa, ukikivuta kinachanika.

Yule mwenzako nilimwona juzi bombani. Amekonda, kumuuguza mzee si mchezo. Aliniuliza, "Kidoti hajambo huko?" Nikamwambia hajambo kabisa. Na wewe usimwandikie habari za matumbo. Ana mgonjwa wake wa kumtosha. Tena akijua yeye, kwao wote watajua, watasema kaka yangu ameshindwa kumtazama mtoto mmoja, na mimi shangazi nilikuwa wapi. Kidoti ni wetu, tutamponya wenyewe.

Hapa nakomea, kuna mtu amesimama na kitambaa mkononi na uso wa kuomba.

Dada yako


6 Februari 1987

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kiwandani. Msimamizi aliileta mwenyewe akiipepea hewani, "Mpanga herufi, dada yako anaandika kama anashona!" Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nilikuwa sijacheka siku nyingi. Mpe Kinara hongera. Bonge mwache anenepe, nyumbani kwangu sasa hivi ningependa kumwona mtu mnene.

Huku naamka kabla ya kazi, nafua nguo za Kidoti, nazianika, nampeleka kwa mama wa chumba cha mbele anayefuma vitambaa vya meza. Yeye hana mtoto mdogo, anasema haimsumbui. Mchana wenzangu wakienda kula mimi narudi mbio kumtazama. Jioni namchukua. Kabla ya kumshika nasugua mikono kwa majivu, maana kutwa nashika herufi za risasi za kuchapia, na wino, na sitaki viingie mdomoni mwake. Nikimaliza kusugua, mara nyingi ameshalala. Nakaa tu hapo pembeni na mikono yangu misafi.

Nimefuata ulivyoandika, neno kwa neno. Unaijua kazi yangu. Karatasi ya mteja ikisema hivi, napanga hivi, hata kama nadhani amekosea. Kila asubuhi nachukua mchele bakuli zima, naufikicha mpaka maji yanakuwa meupe kama maziwa, nayachuja kwenye kitambaa, natia chumvi ya ncha za vidole. Mwenyewe anayapenda. Anayaita "maziwa ya shangazi". Wali naula mimi. Chakula kingine nimeacha kumpa, kama ulivyosema.

Lakini tumbo halijakoma, Dada. Wiki hii limezidi. Anataka kubebwa tu. Jana alijaribu kukimbia kwenda kwa mama wa chumba cha mbele, akakaa chini katikati ya ukumbi, akanitazama kama mimi ndiye niliyemkalisha. Yule mama ananiambia nimpeleke zahanati. Nilimwambia tungoje kwanza, dada yangu anajua anachosema.

Mama yake ameniandikia. Anauliza kama Kidoti bado anang'ang'ania kulala na kiatu. Nimemjibu kwamba ndiyo, na kwamba yuko salama. Neno hilo kiwandani nalipanga kila siku kwenye kadi za harusi wala halinipi shida. Kuliandika kwa mkono wangu kumenishinda, nimeliandika mara mbili.

Unaonaje, nimwambie ukweli?

Mdogo wako


17 Februari 1987

Kitinda,

Hatujambo. Bonge aliangukia beseni la nguo, beseni ndilo limeumia. Kinara ameteuliwa kusoma risala mbele ya wazazi wote. Nimemshonea shati jipya lenye mifuko miwili, hata mwalimu mkuu hana. Nilikaa mstari wa mbele. Mama mmoja pembeni yangu akasema, "Mtoto huyu ni wa nani, anasoma kama redio!" Nikanyamaza kidogo ili aulize tena.

Barua yako nimeisoma haraka mguu ukiwa kwenye cherehani, nina sare zimejaa hadi kwenye kitanda, sisi tunalala pembeni yake kama wageni. Maji ya mchele endelea nayo. Umeanza vizuri, usikate katikati. Watu wengi wanaharibu hapo, wanaona siku chache hakuna kitu wanaruka kwenda kwa dawa nyingine. Kama anayapenda ongeza, mpe hata kikombe kikubwa. Zahanati watakukalisha kwenye benchi kutwa na watoto wenye vikohozi, aliyekwenda na tumbo arudi na kifua.

Na wewe ule. Najua ukiwa na wasiwasi unakuwa kama kuku anayeatamia, huli hunywi. Ulikuwa hivyo tangu mdogo.

Yule mwenzako tumekutana tena bombani. Alitaka kujua Kidoti anakula nini siku hizi. Nikamwambia, bibi wewe, mtoto anakula mpaka anatoka jasho, ukimwona hutamjua kwa unene. Alifurahi sana, akacheka hadi ndoo ikamwagika. Kwa hiyo kwa huyo usiwe na wasiwasi.

Mwanamke amekuja kugomba kwamba suruali ya mwanawe ina mguu mmoja mrefu. Ni mwanawe mwenye mguu mmoja mfupi, lakini nitamwambiaje?

Dada yako


28 Februari 1987

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta wodini. Mtu wa kiwandani ameniletea hapa.

Kidoti amelazwa. Usishtuke, leo ana nafuu, jana usiku alilala vizuri na sindano ya dripu wameshaitoa. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ubao wa kitanda chake. Wodi ina vitanda vimebanana, kina mama kila upande, mwanaume ni mimi peke yangu. Wananiita "mama Kidoti". Nimezoea, naitika.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja niliita jina lake, akafumbua macho lakini hayakunifikia. Midomo ilikuwa mikavu. Alilia bila machozi. Mama wa chumba cha mbele hakunishauri tena, alimfunga mgongoni kwake akatoka naye mimi nikimfuata nyuma nikiwa na viatu mkononi.

Hapo mapokezi nesi mmoja mnene, mwenye miwani ya kamba, alimpima, akawaita wenzake, wakamtundikia dripu. Mtoto alipotulia ndipo akanigeukia mimi.

"Baba, nyumbani ulikuwa unampa nini?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Maji ya mchele."

"Safi sana. Wababa wengi hawajui hata hilo. Unauchemsha mpaka unapasuka?"

"Siuchemshi."

"Huchemshi nini?"

"Huo mchele. Naufikicha, nachuja, natia chumvi."

Dada, yule nesi alivua miwani. Akageuka akamwita mwenzake, "Hebu njoo umsikie huyu." Nikarudia. Mwenzake akashika mdomo. Nesi akaniambia taratibu, kama mtu anayemwongoza kipofu kuvuka barabara, "Baba yangu, hayo ni maji ya kuoshea. Hayo tunawamwagia kuku."

"Dada yangu ameandika maji ya mchele."

"Alitaka yale yanayotokota na wali!"

"Basi si angeandika maji ya wali?"

Wakacheka wodi nzima, hata mama mmoja aliyekuwa akilia. Mimi sikucheka. Mchele ni mchele mpaka uive, ukiiva ndio unaitwa wali. Nilijifunza hayo nikiwa mgongoni kwako. Nimesoma barua yako ya Januari tena na tena, hakuna neno kuchemsha wala kupika. Kwa hiyo mwanangu nimekuwa nikimnywesha maji mabichi ya bomba na vumbi la gunia, kutwa mara nyingi, na ulipoandika niongeze, kama barua ingewahi, ningeongeza.

Sikulaumu. Nakueleza tu yaliyotokea.

Nesi alikasirika zaidi nilipomwambia chakula nimekatisha. "Mtoto anaharisha, na njaa umemwongezea? Mwili utajijenga kwa upepo?" Amenipa pakiti za ile chumvi ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa. Na chakula ananiambia nisiache: wali uliopondwa, ndizi mbivu, viazi vya kuponda, uji usio mzito, na yai lililoiva vizuri. Kidogokidogo, mara nyingi, ale kijiko hata kama ni kimoja.

Hapo ndipo nilipokwama. Tumbo linatulia lakini Kidoti hataki kula. Anafunga mdomo, anageuza uso. Uji, hataki. Ndizi anaishika tu mpaka inakuwa nyeusi. Nesi amejaribu, kina mama wamejaribu kwa nyimbo na kwa vitisho. Nesi akaniuliza, "Mama yake huwa anamlishaje?" Nikamwambia sijui, Dada. Miaka mitatu nimekaa meza moja nao na sikuwahi kutazama.

Naomba uende kwa mama yake umuulize anamlishaje. Hata kama itabidi umwambie yote. Nenda, Dada.

Mdogo wako


12 Machi 1987

Kitinda,

Mungu mkubwa, mtoto ameinuka. Nilipoisoma ile barua nilikaa chini kwenye marundo ya nguo, Bonge akaja akanikalia juu, sikumwondoa.

Lakini hili la maji ya mchele nitalisema. Watu wote wanasema maji ya mchele. Hakuna mtu duniani anasema maji ya wali, yangekuwa maji ya kunawia mikono baada ya kula. Nilimuuliza muuza mkaa, nikasema, nikikwambia umpe mtoto maji ya mchele utafanyaje? Akasema atachemsha. Fundi viatu akasema atachemsha. Mwalimu wa Kinara nikamuuliza pia. Yeye alisita kidogo, akasema, "Mama, kwa kweli inategemea," lakini huyo ni mtu wa vitabu kama wewe, mnaharibiwa na kusoma. Mwanaume gani anafikicha kitu uchafu ukatoka, akaukinga uchafu akamnywesha mtoto? Hata jina la "maziwa ya shangazi" halikukushtua? Mimi ningeshtuka.

Sasa nilivyosema hayo nimemaliza. Sitayarudia.

Nakuandikia chakula vizuri, hatua kwa hatua, ili usije ukanipanga tena kama herufi. Kiazi. Kimenye. Kikate. Kichemshe, KICHEMSHE, mpaka kijiko kikizama chenyewe. Mwaga maji. Kiponde na mafuta tone moja na chumvi. Kiache kipoe. Mpe Kidoti, kiazi, siyo maji yake. Wali huohuo, uponde kwa mgongo wa kijiko. Ndizi iwe imeiva hasa, yenye madoa. Akikataa mfanyie mchezo wa ndege. Bonge nilimlea kwa ndege, mdomo wake haujafungwa tangu hapo.

Huku kwingine habari ni kama zilivyo. Siku hizi maji anachota Kinara. Mgongo umenizidi, ndoo sinyanyui. Kinara ni mtoto mwenye adabu, hasemi lolote, anachota tu.

Nimemshonea Kidoti gauni. Nimekadiria kwa umri. Litakuwa kubwa, atalijaza.

Dada yako


23 Machi 1987

Dada,

Shikamoo. Asante kwa gauni. Nimelikunja mara mbili kiunoni na kulibana na pini, bado linaburuta.

Tumerudi nyumbani. Tumbo limekoma kabisa, sasa hakuna kinachotoka kwa sababu hakuna kinachoingia. Viazi nimepika kama ulivyoandika. Ndege nimerusha mpaka mkono umechoka. Anakunywa maji ya ile pakiti na vijiko vichache vya uji, basi. Nesi alimpima tena juzi, akanitazama juu ya miwani. Amesema akizidi kupungua atamlaza tena.

Nimechoka, Dada. Jana kiwandani nilipanga ukurasa mzima kichwa chini. Msimamizi hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha.

Umemuuliza?

Katika barua yako umeniandikia viazi, ndizi, muuza mkaa na fundi viatu, lakini hilo hukulijibu. Kwamba Kinara ndiye anayechota maji nimelielewa.

Mimi mwenyewe ningemwandikia. Nimejaribu. Lakini barua zangu zote zinasema salama, salama, salama. Hii akiifungua ataisoma peke yake, pembeni ya baba yake asiyeweza hata kumshika mkono. Ndiyo maana nataka mtu aende kwa miguu yake, akae naye chini. Sina mwingine huko isipokuwa wewe.

Na Dada, huyo unayemwita "yule mwenzako", ni wifi yako.

Mdogo wako


2 Aprili 1987

Kitinda,

Aliyekupa barua hii amesimama mbele yako. Mpishe kwanza apite amwone mtoto wake. Utasoma baadaye.

Usishangae mwandiko. Naandikia juu ya goti, kwenye karatasi ya kukatia mifano ya nguo, nyumbani kwa baba mkwe wako. Nilikuja leo asubuhi. Ni chumba kimoja chenye dirisha dogo, kisafi, kila kitu kimepangwa karibu na kitanda ili mtu asiende mbali. Nimeishi mtaa wa pili miezi yote hii na sijawahi kukanyaga.

Nilimkuta anamlisha mzee uji. Akasema, "Karibu, wifi," akanisogezea mkeka kwa mguu maana mikono yote ilikuwa na kazi. Nikakaa. Nikaanza na habari za Kinara na risala, ndivyo nilivyo, mdomo wangu unajua njia hiyo tu. Alinisikiliza yote. Na mimi huku nasema namtazama. Amekaa kwenye kigoda kifupi, uso wake uko chini ya uso wa mzee. Anachota nusu kijiko. Anakigusisha kwenye mdomo halafu anangoja. Mzee akikataa anakishusha, wala hanung'uniki, anamsimulia foleni ya bombani ilivyokuwa, nani kamkata nani, kisha anakileta tena. Kitinda, mimi wanangu nawalisha kama najaza gunia. Sijawahi kumwona mtu anayengoja hivyo.

Kinara akaniishia mdomoni. Nikasema, "Kidoti alilazwa."

Kijiko hakikudondoka. Alikirudisha bakulini.

"Lini?"

"Februari."

"Februari bombani uliniambia anakula mpaka anatoka jasho."

"Nilikwambia."

"Alikuwa anakula?"

"Hapana."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa na majibu yangu tayari, unanijua, nilitembea nayo njia nzima, na mengine yalikuwa mazuri sana. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. Alimfuta mzee kidevu, akasema, "Mimi nilikwenda kumwambia kila mtu hapa. Nilimwambia mpaka baba kwamba mjukuu wake amenenepa." Basi. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Kisha akauliza, "Sasa anakula nini?"

Nikamweleza yote, maji ya mchele, dripu, viazi, ndege. Kwenye ndege alitikisa kichwa.

"Baba yake anamlisha amesimama?"

"Sijui."

"Anamlisha amesimama. Anatoka kazini, anarudi kazini, hata viatu havui. Kidoti hali mtu akiwa amesimama mbele yake. Anadhani unaondoka."

Nikasema nitakuandikia leoleo, ukae chini, uvue viatu. Nilikuwa nimeshatoa kalamu. Akaniangalia kwa huruma, wifi yangu, baada ya yote niliyomfanyia.

"Hilo akiandikiwa atakaa chini, wifi, lakini mimi mama yake nimeshamwondokea Kidoti mara moja. Mimi naenda."

Tukageuka wote wawili kumtazama mzee. Kaka zake wifi wako mbali na hawaandiki. Jirani anaweza kuchungulia tu. Alifungua mdomo aniombe, nikamwona maneno yanavyomshinda, kwa kuwa ni mimi. Nikasema kabla hajasema.

"Mzee niachie mimi."

"Na sare za watu?"

"Watoto wavae za zamani. Suruali fupi haijaua mtu."

Kinara na Bonge watahamia hapa na mimi, watalala kwenye mkeka. Bonge nitamwonya asikalie mguu wa mzee.

Sasa anafunga mfuko wake. Amenionyesha kila kitu mara moja tu: dawa hii, kitambaa hiki, mgeuze upande huu jua likifika pale. Basi linaondoka mchana. Amenikabidhi kijiko na kigoda, na mzee ananitazama kama mtoza kodi. Nimeleta kijiko, amefunga mdomo. Nikamsimulia Kinara alivyokuwa wa kwanza, akageukia ukutani. Nikamsimulia Bonge na beseni, akafumba na macho. Nikaona niache kusema. Nimekaa tu chini yake, kijiko kiko hewani, mkono wa pili unakuandikia wewe, mwandiko ndio huo.

Kitinda, nimechoka na sijafanya kitu bado.

Wifi amekuja mlangoni, anataka barua yake.

Mzee amefumbua mdomo. Naweka kalamu.